Mzimu wa Lang'ata na kiapo cha uongo

Mhariri,

Mimi ni soja wa usiku katika mtaa ulio karibu na makaburi ya Lang'ata. Naomba nafasi niseme neno kuhusu hizi "hadithi za kweli za mizimu" zinazotungwa kwa akili unde na kusambazwa kwenye simu.

Kisa cha yule dada anayesimamisha gari usiku kando ya makaburi wengi hapa Nairobi wanakijua. Dereva anambeba, anampa koti ajikinge baridi, anamfikisha kwao. Asubuhi akirudi kudai koti anaonyeshwa picha ya marehemu ukutani, na koti linakutwa juu ya kaburi. Kisa hiki hakina mwenyewe; hata ng'ambo wanacho chao. Kwa hiyo sisemi kuna aliyeibiwa.

Kinachonikera ni kiapo. Sisi tukisimuliana getini saa nane za usiku, lazima useme umekitoa kwa nani. "Haki ya Mungu, ni makanga wa matatu namba 125, alikuwa amepanga kwa shemeji yangu." Hapo wenzako wanakuvaa: makanga huyo yuko wapi sasa? Koti lilikuwa la rangi gani? Ukibabaika utachekwa hadi alfajiri. Usipobabaika, hakuna anayetaka kwenda kukagua ua wa nyuma peke yake.

Hadithi niliyotumiwa juzi inaanza, "Haya yalinipata mimi." Yalimpata nani? Ina mbuyu mkubwa langoni mwa makaburi na upepo wa bahari. Bahari, Lang'ata! Na mbuyu huo sijauona, nami hupita hapo nikienda kazini na nikirudi.

Marekani, mahakama ya rufaa ya Washington iliamua Machi 2025 kwamba katika sheria ya hakimiliki mwandishi sharti awe binadamu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 ina njia yake: kazi ikitungwa na kompyuta, mwandishi ni mtu aliyefanya mipango ya kuiwezesha itungwe. Sawa, hakimiliki achukue. Ila kuipanga kazi hakumfanyi kuwa shahidi.

Ombi langu ni dogo. Mkiletewa hadithi inayodai ni ya kweli, mpigieni simu aliyeituma na mumhoji kama tunavyohojiana getini. Akikiri ametungiwa na mashine, ichapisheni kama hadithi ya kubuni, na jina lake liwe chini ya hadithi hiyo.

Soja wa usiku,
Lang'ata, Nairobi