Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: wastani wa wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakuandikia kutoka Upareni, upande wa tambarare, ambako siku za mvua za vuli hii unaweza kuzihesabu kwa vidole na vingine vikabaki.

Kwenye mkutano wa hadhara afisa mmoja alitusomea kwamba mvua "zimefikia wastani". Watu wakaguna. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Wastani wa wapi?" Hakujibiwa.

Afisa hakusema uongo. Kwa watabiri wa hali ya hewa, mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu huitwa ya wastani. Yaani ukipungukiwa karibu robo nzima, bado umo. Shida kubwa ni kwamba namba ile ilitoka kwenye kipimamvua kimoja tu, kilichoko mlimani. Upepo wa baharini unapanda mlima wetu wa Shengena kutoka mashariki, unamwaga maji hukohuko juu, na ukitushukia sisi umeshakuwa mkavu. Juu kuna migomba na tangawizi. Huku chini hata mwaka mzuri tunabahatika kupata milimita 500 hivi.

Nina kipimamvua cha plastiki, nimekifunga kwenye nguzo mbali na mwembe, maana matone ya majani hudanganya. Nakisoma kila siku saa 3 asubuhi, saa ileile ya vituo vya serikali. Siku moja ya Novemba niliona mvua imening'inia ng'ambo ya korongo kama pazia. Harufu ya vumbi lililolowa ikatufikia, mbuzi wakakimbilia bandani. Kesho yake ndani ya kipimo nilikuta mdudu mmoja na unyevu usiofika mstari wa kwanza. Shemeji yangu wa ng'ambo alikuwa anakinga maji ya bati tangu usiku.

Halafu jumla nayo huficha siku. Milimita 60 zikishuka usiku mmoja zinaondoka na korongo. Hizohizo zikigawanyika mara sita, fiwi na choroko zinabeba. Mahindi yangu yalikosa maji yakitoa mbelewele. Baada ya hapo hata ije gharika, gunzi limeshakuwa na mapengo.

Mwaka 2022 mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam ulipopungua, jiji ikawekwa kwenye mgao wa maji na nchi nzima ikajua. Ndiva zetu, yale mabwawa ya asili ya kumwagilia, zikikauka, habari inaishia kwenye foleni ya ndoo.

Ninachoomba ni hiki: kabla kamati haijakaa kugawa mbegu na chakula, kila kata ibandike kwenye ubao wa mtendaji jumla yake ya mvua, pamoja na tarehe ilizonyesha. Wasomaji wapo. Shule zina walimu na watoto, na hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata milimita 10 linamwaga lita 1,000. Sidhani kama kipimamvua kinazidi posho ya kikao kimoja.

Daftari langu liko wazi. Ukipita huku, fika kabla ya saa 3 tusome pamoja.

Mkulima wa tambarare