Kikao cha Jumamosi: kitabu na filamu yake

Ndugu wanachama, habari za jioni.

Kikao chetu kimesogezwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi hii, saa 9:00 alasiri, palepale chumba cha juu cha maktaba. Tutatazama filamu ya mwaka 1953 ya The War of the Worlds, ambayo haifiki saa moja na nusu, kisha tutajadili iwapo filamu inapaswa kukifuata kitabu chake kwa uaminifu.

Katika kitabu hicho cha mwaka 1898, mwandishi H. G. Wells aliwashusha viumbe wa sayari ya Mirihi karibu na Woking, Uingereza, wakitembea kwa mashine za miguu mitatu. Filamu imewahamishia California, na mashine zao zinaelea hewani. Hilo mimi halinisumbui. Linalonisumbua ni kasisi: kitabuni amevunjwa na hofu, anapayuka mpaka msimuliaji anampiga kwa mpini wa panga la nyama, ilhali filamuni tunapewa mchungaji jasiri anayewaendea maadui akiwa ameinua Biblia. (Najua wapo watakaonipinga, nao waje wamejiandaa.)

Naomba yafuatayo:
1. Tusome sura nne za kwanza za sehemu ya pili ya kitabu.
2. Mchango wa shilingi 3,000, kwa ajili ya projekta na chai, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
3. Kila mmoja athibitishe hapa kundini kabla ya Ijumaa saa 6:00 mchana. Asiyeweza kufika naye aandike, tujue idadi ya viti.

Asanteni,
Mratibu