Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maombi Matatu ya Fedha za Utafiti wa Maumivu

Ndugu wanachama,

Katiba inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze tulichofanya. Vikao vya kamati tendaji vilifanyika vyote, hesabu zimekaguliwa na Mweka Hazina atazisoma baada yangu, na ada zinachelewa kama kawaida yake. Muda uliobaki nitautumia kwa jambo moja ambalo limekula mwaka mzima: kuomba fedha za kutafiti maumivu yanayobaki baada ya upasuaji.

Mlitutuma wenyewe katika mkutano uliopita, na sababu mnaijua miilini mwenu. Wengi wetu tumefika katika chama hiki kwa njia moja. Tulipasuliwa, huyu ngiri, yule titi, mwingine mguu. Kidonda kikafunga, nyuzi zikatolewa, daktari akasema umepona. Maumivu hayakupata taarifa hiyo.

Yakizidi miezi 3 tangu upasuaji, wataalamu huyahesabu kuwa sugu. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, yamepewa namba, pamoja na maumivu yanayobaki baada ya majeraha: MG30.2. Kuna aliyeniuliza namba inamsaidia nini mtu asiyelala usiku. Yeye binafsi, leo, haimsaidii kitu. Lakini kabla ya toleo hilo, daktari aliyetaka kuandika kwamba mgonjwa wake amebaki na maumivu baada ya upasuaji hakuwa na safu maalumu ya kuyaweka katika orodha hiyo. Yaliandikwa chini ya ngiri au chini ya saratani, au hayakuandikwa kabisa. Mfadhili naye, kabla hajafungua mfuko, huuliza wako wangapi. Tena madawati ya wafadhili wengi yamepangwa kwa magonjwa na viungo: moyo hapa, mapafu pale, saratani kule. Maumivu yanapita kwenye madawati yote, na kila dawati linadhani ni kazi ya jirani.

Sasa nianze na aibu yangu. Ombi la kwanza niliandika mwenyewe, kurasa 12. Niliweka humo kukosa usingizi, kazi zilizopotea, ndoa zilizochoka. Katibu alilisoma akafuta machozi, nikajua fedha tumeshapata. Halikufika hata kwa wahakiki. Lilirudi baada ya siku tatu na sentensi mbili: mwombaji lazima awe taasisi ya utafiti, na chama cha wagonjwa kinaweza kuingia kama mshirika tu. Sharti hilo lilikuwa ukurasa wa pili wa mwongozo. Mimi nilikuwa nimeanzia kusoma ukurasa wa tano, penye kiwango cha fedha.

Tukatafuta mshirika. Tulibisha hodi kwenye milango kadhaa. Taasisi moja ilitukubali kwa maneno matamu, kisha ikatuonyesha sehemu ya fedha itakayobaki kwake kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Tukashukuru tukaondoka. Tuliyempata mwishowe ni daktari wa nusukaputi ambaye kila siku huwalaza watu mezani na hapati kujua walivyoendelea miezi mitatu baadaye. Alisoma kurasa zangu 12 zote, akazifunga, akauliza, "Mwenyekiti, swali ni lipi?" Nikamwambia watu wanateseka. Akasema, "Hiyo ni habari. Nauliza swali."

Ilituchukua vikao vitatu kulipata. Limekuwa hivi: kati ya watu wanaoingia leo kupasuliwa ngiri, ni yupi atabaki na maumivu, na je, tunaweza kumtambua kabla hajalala mezani? Tulichagua ngiri kwa sababu ni upasuaji unaofanyika kila mahali, unafanana kutoka mtu hadi mtu, na wengi wanaofanyiwa walikuwa wazima kwa mambo mengine. Dalili za hatari zinajulikana kwa ujumla: aliyekuwa na maumivu kabla ya upasuaji, aliyeumia sana siku za mwanzo baada yake, mwenye wasiwasi mwingi, na yule ambaye neva yake imekatwa au imebanwa. Kinachokosekana ni namna rahisi ya kuyapima hayo kwa dakika chache, mgonjwa akiwa anasubiri zamu yake, halafu kumfuatilia.

Ombi la pili likaenda na swali hilo, na watu 40 wa kufuatiliwa. Lilikataliwa, ila safari hii tulisomwa. Maoni ya wahakiki nimeyasoma mara nyingi kuliko barua yoyote maishani mwangu, na nitawapa lile lililouma zaidi. Baada ya upasuaji wa ngiri, kwa makadirio, mtu 1 kati ya 10 hubaki na maumivu yanayomsumbua. Fanyeni hesabu. Katika watu 40 tutawapata 4. Hata ikitokea wote wanne wanatumia mkono wa kushoto, hakuna atakayeamini kwamba mkono wa kushoto ndio uliowaletea maumivu. Ili tuwe na watu 40 wenye maumivu wa kuwalinganisha na wasio nayo, tunahitaji 400 watakaofika mwisho. Na kwa kuwa tulikadiria kwamba mmoja kati ya watano atabadili namba ya simu au atachoka na sisi, inabidi tuanze na 500. Mwanatakwimu alituonyesha hayo kwa kalamu, nyuma ya bahasha, kwa dakika tano. Tungemwita kabla ya kuandika, tungeokoa miezi minne.

Oni la pili lilihusu kipimo, na hapa naomba mnivumilie maana jambo hili linatugusa.

Tulikuwa tumeandika kwamba maumivu yatapimwa kwa namba, 0 mpaka 10, sifuri hakuna kitu na kumi hayavumiliki. Mmeulizwa namba hiyo mara ngapi? Mhakiki akauliza kama namba pekee inatosha. Nilikasirika, nikaona anatilia shaka maneno ya wagonjwa. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, ilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, iliweka wazi kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Nikataka kumjibu mhakiki kwa andiko hilo.

Kabla sijajibu tulijaribu wenyewe. Wanachama tisa walipewa daftari za kuandika namba kila jioni kwa wiki sita. Mama mmoja, mnamjua ingawa sitamtaja, alirudisha daftari lenye 7 kila siku. Saba, saba, saba, kurasa zote. Nikamuuliza kama hakuna kilichobadilika. Akanishangaa. "Kimebadilika sana. Mwezi uliopita nilikuwa navalishwa viatu. Sasa nainama, nafunga kamba mwenyewe." Basi kwa nini saba? "Kwa sababu bado inauma."

Mhakiki alikuwa na haki. Namba ya mama ilikuwa kweli tupu, lakini haikubeba kamba za viatu. Ndiyo maana ombi la tatu lina pia maswali 7 yanayouliza maumivu yamezuia nini: shughuli za kila siku, hali ya moyo, kutembea, kazi, uhusiano na watu, usingizi, na kufurahia maisha. Hatukuyabuni sisi. Ni sehemu ya hojaji inayotumika duniani kwa miaka mingi, na mfadhili hupenda kipimo ambacho wengine wameshakitumia, kwa kuwa matokeo yanaweza kulinganishwa.

Kipimo kingine ni DN4, kilichotoka Ufaransa mwaka 2005, cha kutambua kama maumivu yanatoka kwenye neva zenyewe. Kina vipengele 10, saba vya kuuliza na vitatu vya kugusa ngozi. Anayefikisha 4 anahesabiwa kuwa huenda ana maumivu ya neva. Kuna maneno ya kuchoma, ya baridi inayouma, ya mishtuko kama ya umeme. Tulitaka tafsiri ambayo mtu yeyote ataielewa kwenye simu. Utaratibu ni kwamba mmoja hutafsiri, mwingine ambaye hajaona ya awali huirudisha katika lugha ilikotoka, kisha mnalinganisha. Mtafsiri wetu wa kwanza, kijana hodari wa kamusi, alileta "pini na sindano". Tulipowasomea wanachama wakatazamana. Mmoja akauliza nani amechomwa sindano. Tukaeleza kinachokusudiwa, na sauti tatu zikatoka kwa pamoja: "Aa, sisimizi!" Mguu uliokufa ganzi ukianza kurudi, kama sisimizi wanatembea ndani. Sisimizi wakaingia kwenye hojaji.

Siku ile tulikaa saa nne badala ya moja. Tumbo linasokota, au linakeketa? Kichwa kinagonga au kinawanga? Jipu linapwita, kovu linavuta, nyayo zinawaka. Mwaka 1975 Ronald Melzack, mtafiti wa maumivu, alichapisha hojaji yenye maneno 78 ya kueleza maumivu, na nadhani sisi tungemwongezea. Binafsi naona ile ndiyo siku chama kilipofanya kazi ambayo mtafiti asingeweza kuifanya peke yake, na imeandikwa hivyo katika andiko la mradi, sehemu ya mchango wa wagonjwa. Wahakiki wa ombi la tatu waliisifu sehemu hiyo kuliko zote.

Kabla sijafika kwenye ombi hilo, kuna jambo lililotugawa na lazima mlisikie kwangu. Katikati ya mwaka kampuni moja ya dawa ilijitolea kugharamia utafiti wote, watu 500, bila foleni ya wahakiki. Masharti yalikuwa mawili: matokeo wayaone kwanza, na wao waamue yatangazwe lini. Hawakusema watayaficha. Lakini neno "lini" halikuwa na mwisho. Kamati ilipiga kura, wanne dhidi ya watatu, tukakataa. Waliotaka tukubali hawakuwa na tamaa. Walisema walio na maumivu leo hawawezi kungoja usafi wetu. Sikuwa na jibu zuri kwao wakati ule, na bado sina. Niliangalia tu upande mwingine: mtu anayekubali kupigiwa simu na kuulizwa habari za mwili wake anatusadiki kwamba majibu yake yatafika kwa wenziwe. Azimio la Helsinki, linaloongoza maadili ya utafiti wa tiba tangu 1964, linataka matokeo yatangazwe yawe mazuri au mabaya.

Ombi la tatu lilipelekwa saa mbili kabla ya dirisha kufungwa, baada ya mfumo kukataa kiambatisho chetu mara tatu kwa kuwa ni kizito. Picha ya saini yangu ilikuwa kubwa kuliko andiko zima. Tuliitwa kwenye mahojiano, mimi na daktari, na mwezi uliopita jibu likaja. Tumepata. Hatukupata tulichoomba. Wametupa fedha za kuanzia, za utafiti wa majaribio: watu 100, mwaka mmoja.

Najua mnung'uniko uliopo. Mmesikia hesabu ya bahasha, mnajua watu 100 watatupa 10 tu wenye maumivu, hivyo swali letu halitajibiwa mwaka huu. Ni kweli, na mtu asiwaambie vinginevyo. Utafiti wa majaribio unajibu maswali madogo. Je, wanaosubiri upasuaji watakubali kuulizwa? Mwezi wa tatu watapokea simu? Hojaji inachukua dakika ngapi, na ni swali gani wanaliruka? Makadirio yetu ya mmoja kati ya watano kupotea tuliyatoa kichwani, sasa tutayajua. Wakipotea nusu, ombi la watu 500 lingekuwa limekufa njiani na fedha yote ndani yake. Mimi niliunga mkono tuipokee.

Zaidi ya nusu ya fedha ni mishahara ya wapiga simu wawili na muda wa maongezi. Kinachofuata kwa ukubwa ni mwanatakwimu, ambaye safari hii ameingia tangu ukurasa wa kwanza. Chama hakichukui posho ya vikao kutoka humo. Nauli za washiriki watakaokuja kupimwa kwa kuguswa ngozi zitalipwa siku hiyohiyo, mkononi. Hilo nililishikilia mpaka mwisho, maana wengi wetu tumewahi kurudishiwa nauli baada ya miezi miwili.

Hakuna senti itakayotoka kabla ya kibali cha kamati ya maadili. Maombi yako mezani kwao, na wameshatutaka turekebishe fomu ya ridhaa, ambayo kwa maoni yao ni ndefu na inasomeka kama mkataba wa nyumba. Nakubaliana nao. Tunahitaji wanachama sita ambao hawajawahi kuiona, waisome mbele yetu kwa sauti na kusimama kila wanapokwama. Katibu ana karatasi ya majina pale mlangoni.

Na wale watatu ambao hawajarudisha daftari za wiki sita, tafadhali zileteni hata kama hazijajazwa. Daktari anataka kujua mliachia siku ya ngapi.