Betri Mpya, Jumatatu Gari Haliwaki: Tupime Kabla Hujanunua Nyingine

Mteja mmoja wa gereji yetu hapa Arusha, mwenye Hilux ya dizeli yenye injini ya aina ya 3L, alinunua betri mbili ndani ya miezi saba. Kila Jumatatu asubuhi akipiga stata, anasikia mlio mmoja tu, kisha taa za dashibodi zinafifia. Vijana wanasukuma, gari linawaka, na wiki nzima iliyobaki halimsumbui. Kila aliyemuuliza alimwambia betri za siku hizi ni feki. Tulipoipima ile ya pili, ilikuwa nzima kabisa.

Gari likishazimwa na ufunguo kutolewa, bado kuna vitu vidogo vinavyokula umeme: saa, kumbukumbu ya redio, alamu. Kwa gari la zamani, vyote kwa pamoja havipaswi kuzidi ampea 0.05. Hilux ile ilikuwa inakula 0.82. Kutoka Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi ni saa 36. Zidisha ampea kwa saa, unapata karibu ampea-saa 30. Betri ya ukubwa wa N70 ikiwa mpya na imejaa hubeba kama ampea-saa 70, kwa hiyo karibu nusu ilikuwa imeondoka gari likiwa limeegeshwa tu. Gari dogo la petroli pengine lingewaka na kilichobaki. Dizeli ni mzigo mwingine: hewa ndani ya silinda inabanwa zaidi ya mara 20, hita za kupasha silinda kabla ya kuwasha zinataka umeme wake kwanza, halafu stata inavuta mamia ya ampea kwa mkupuo. Siku za kazi altaneta, mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ilikuwa inarudisha kilichopotea usiku, ndiyo maana shida ilijitokeza Jumatatu peke yake.

Kupima kwenyewe kunataka utulivu kuliko vifaa. Betri iwe imejaa, milango imefungwa, na taa ya boneti, kama ipo, itolewe. Tunafungua waya wa hasi kwenye betri, kisha tunaunga mita ya kupimia ampea kati ya waya huo na betri yenyewe ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Baada ya hapo hakuna mtu kugusa ufunguo, maana ukipiga stata mita ikiwa imeungwa hivyo, fyuzi yake inaungua hapo hapo. Halafu tunachomoa fyuzi za gari moja baada ya nyingine huku tukiangalia namba. Ikishuka ghafla, tunajua ni njia ipi inayovuja.

Kwenye Hilux hii tulichomoa zote. Namba ikabaki 0.82.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumwagiza mteja betri nyingine. Lakini waya mnene wa altaneta haupiti kwenye zile fyuzi ndogo za ndani. Unakwenda kwenye betri kupitia fyuzi kubwa peke yake. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mwezi wa Julai, na gari lilikuwa limelala kwetu tangu jana yake. Fundi wetu akagusa injini: baridi kama jiwe. Akaweka kiganja juu ya altaneta: vuguvugu. Tukatoa betri, tukafungua ule waya mnene na kuufunga tepu, tukarudisha mita. Ikasoma 0.03.

Ndani ya altaneta kuna dayodi, ambazo kazi yake ni kuruhusu umeme uende kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ikianza kuvuja, betri inaipasha moto altaneta usiku kucha. Gari bado linaweza kuchaji, na taa ya chaji kwenye dashibodi isikuonyeshe kitu.

Tulipoifungua tukaona kilichoiua. Kwenye injini hizi, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta na inalainishwa kwa oili ya injini. Sili, yaani mpira unaozuia oili isipite, ilikuwa imechoka, na oili imepenya hadi ndani, nyeusi na nzito kama uji wa ulezi. Ukibadilisha dayodi ukaiacha sili hiyo, umempa mteja miezi michache tu. Tulibadilisha vyote viwili, tukapima na breki kabla hajaondoka.

Jambo jingine linaloua dayodi, na hili tunaliomba kwa dhati: usikubali fundi afungue waya wa betri injini ikiwa inaunguruma ili "kuona kama altaneta inachaji". Umeme hupanda ghafla na kuharibu kilichokuwa kizima. Mita inajibu swali hilo kwa usalama: injini ikiwaka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4.

Kwa wenye mikonga, yaani Land Cruiser za kubeba watalii, mara nyingi hatuanzi na altaneta. Tunaanza na friji, inveta, redio ya mawasiliano na kifaa cha kufuatilia gari, maana vingi vimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi. Inveta ikiachwa imewashwa inakula hata kama hakuna simu inayochajiwa. Gari likiegeshwa Aprili na Mei yote hivyo, betri inakaa tupu, sahani zake za madini ya risasi zinashika sulfati, yaani ukoko unaozuia chaji, na hapo inakufa kweli. Swichi ya kukata betri ingeiokoa.

Nyumbani unaweza kujipima hivi. Chaji betri ijae, fungua waya wa hasi, uuache wazi kwa muda ule ule ambao gari huwa linalala. Ukiurudisha na gari likawaka kwa nguvu, uvujaji uko kwenye gari. Betri ikiwa dhaifu hata hivyo, basi kweli ni betri. Ukiwa na mita, baada ya kulala isome kama volti 12.6, ikisoma 12.2, imebaki nusu.

Ukituletea, lete gari lenyewe, usilete betri peke yake. Na uliache jioni, maana injini ikiwa imetoka barabarani, kiganja hakiwezi kutofautisha altaneta inayovuja na iliyopata joto la safari.