Rancière hapimwi kwa nafasi

Ndugu Mhariri,

Kila ninapoona wanafalsafa wa Ufaransa wamepangwa kwa umaarufu, kama katika orodha mliyoichapa, jicho langu humtafuta Jacques Rancière. Zamani nikimkuta chini niliumia. Sasa naona kwamba hata akiwekwa wa kwanza atakuwa amekosewa.

Mzee huyu, mzaliwa wa Algiers mwaka 1940, aliandika mwaka 1987 kitabu kiitwacho Le Maître ignorant (Mwalimu Asiyejua), kuhusu Joseph Jacotot, mwalimu Mfaransa aliyekuwa uhamishoni. Mwaka 1818 Jacotot alikuwa akifundisha Louvain, mji ulio Ubelgiji ya leo. Wanafunzi wake wengi hawakujua Kifaransa, naye hakujua lugha yao. Akawapa kitabu kimoja kilichochapwa kwa lugha zote mbili, akawaambia kupitia mkalimani wajifunze humo. Baadaye akawataka waandike kwa Kifaransa wanayoyafikiri juu ya walichosoma. Wakaandika vizuri kuliko alivyotarajia, na hakuwa amewafafanulia hata kanuni moja ya sarufi. Hapo ndipo Rancière anaposimama: akili za watu ni sawa, na usawa huo ndio wa kuanza nao.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nawaona watoto wa kidato cha kwanza wakiinamisha vichwa kwa swali la Kiingereza ambalo mapumzikoni, chini ya mwembe, wanabishana juu yake kwa Kiswahili mpaka kengele inalia. Matokeo yakibandikwa ukutani, haohao wako mkiani. Kwa hiyo orodha za nafasi sizipokei kirahisi.

Na hizi za wanafalsafa huhesabu nini? Mara nyingi, ni mara ngapi wasomi wamemtaja mtu kwenye maandishi yao. Katika hesabu moja ya mwaka 2007, Michel Foucault aliongoza kwa kutajwa mara 2,521, akifuatwa na Bourdieu na Derrida. Wote watatu walikuwa wameshafariki. Hiyo ni hesabu ya maprofesa kunukuliana.

Gauny hangeonekana humo. Huyu alikuwa seremala wa Paris katika karne ya 19, na Rancière alimtoa kwenye makabrasha ya kale akamweka katika kitabu chake La Nuit des prolétaires (Usiku wa Wafanyakazi), mwaka 1981. Gauny anaeleza siku ya kazi: anatandaza sakafu ya mbao katika chumba kisicho chake. Kabla hajamaliza anajiona kama yuko kwake, anapendezwa na mpangilio wa chumba. Dirisha likielekea bustanini, mikono inasimama kidogo, naye anafurahia mandhari ile kuliko wenye majumba ya jirani. Usiku anayaandika.

Ombi langu, Mhariri: siku mkitaka kuchapa orodha nyingine ya namna hii, nafasi yake ipeni ukurasa mmoja wa Gauny kwa Kiswahili. Nitaubeba darasani, kidato cha kwanza wausome kwa sauti.

Mwalimu wa Historia,
Tanga