Kabla hujapanda ngazi

Mwanangu, assalaam alaykum.

Shangazi yako wa Kirumba ndo kanipa habari, sio wewe, kwamba Alhamisi unapanda meli kwenda Bukoba kuandika Ayatul Kursiy kuzunguka quba la msikiti, na advansi umeshapokea. Mashallah, hongera. Sasa nijibu kitu kimoja tu, nani anakukagulia?

Usiniambie wenyewe wamekuamini. Kamati ya msikiti wanakuamini kwa sababu hawajui, wao wataangalia dhahabu inavyowaka basi. Ile picha uliyomtumia mdogo wako nimeiona, alif zako zimesimama kuliko zangu, na ile kaf nimeiangalia mpaka simu ikaisha chaji. Lakini kupendeza sio kuwa sahihi, na wewe toka utotoni kitu kikishapendeza unakiacha hapohapo unaondoka.

Chukua pale kwenye "la ta'khudhuhu sinatun wala nawm", kwamba Mwenyezi Mungu hashikwi na kusinzia wala kulala. Ile lam alif ya mwanzo, hiyo "la" yenyewe, ikikuponyoka umeandika kwamba kusinzia kunamshika, astaghfirullah, na kosa liko juu ya vichwa vya watu wanaosali, tena kwa rangi ya mafuta. Wino wetu wa masizi na gundi ukikosea unafuta kwa kitambaa kibichi, mafundi wa zamani walikuwa wanalamba kabisa kwa ulimi. Rangi ya mafuta utailamba?

Kwa hiyo usichore moja kwa moja ukutani. Andika kwenye karatasi, saizi ileile, toboa kingo za herufi kwa sindano, bandika, pigapiga kifuko cha unga wa mkaa juu yake, ukibandua unakuta vidoto vimebaki ukutani unafuata. Waturuki misikiti yao waliandika hivo. Mi naipendea hii njia kwa sababu karatasi unaweza ukampelekea mtu akaisoma ametulia kwenye mkeka, ila quba ukishalimaliza nani atapanda huko juu kukusomea? Na upime mduara wote kabla, kwa nukta za kalamu yako, alif ya khati ya thuluthi urefu wake nukta saba, mpango wa kupima kwa nukta anatajwa kuuanzisha Ibn Muqla wa Baghdad na yule alikuwa waziri, sio mtu wa kubahatisha. Usije ukafika mwisho wa aya, "wa huwal aliyyul adhim", nafasi imeisha ukaanza kubananisha herufi kama abiria wa hiace ya Buhongwa jioni.

Af mkaguzi usichukue hafidhi. Najua utashangaa. Hafidhi anasoma kilichoko kichwani, jicho linateleza, herufi ikikosekana yeye anajijazia mwenyewe. Tafuta mtu mwenye msahafu wazi mkononi na kidole kwenye karatasi yako, herufi kwa herufi, irabu kwa irabu, na akichoka mwache apumzike.

Huyo Uthman Taha unayemwiga, mzee wa Kisyria, usiangalie mkono wake peke yake. Yule kasoma sharia chuo kikuu cha Damascus, ijaza ya khati, yaani idhini ya mwalimu, kapewa 1973 na Hamid al-Amidi wa Istanbul, na 1988 ndo akaingia pale Madina kwenye kiwanda cha misahafu cha Mfalme Fahd. Kurasa 604, mistari 15, kila ukurasa unaishia mwisho wa aya, na pamoja na elimu yote hiyo kazi yake inapita kwenye kamati ya maulamaa wa visomo kabla haijachapwa. Sasa yeye anakaguliwa, wewe wa Igogo nani anakukagulia?

Ukisema ungekuwa na elimu yake kama ningekuruhusu kwenda Unguja mwaka ule, haya. Sikukukatalia kwa ubaya. Hela haikuwepo na mimi sikutaka kusema haipo, mama yako anajua. Darsa uliyoiacha njiani bado ipo lakini, kila Jumamosi baada ya magharibi, mashekhe wanakuulizia na mi nawaambia yuko bize.

Kama meli inakutisha kuna basi, daraja la Kigongo na Busisi limeshafunguliwa husubiri kivuko tena. Ila karatasi zako usiziweke kwenye buti, zitaloa au watu watazikalia.

Mama yako mguu una nafuu. Dagaa alizochukua Mwaloni zimenyeshewa zikiwa zimeanikwa zikaharibika nusu, kwa hiyo ule mchango wa bati tusubiri mwezi ujao. Mdogo wako anataka umletee ndizi na senene, mi sitaki kitu. Matete uliyoniomba nimekukatia kule ziwani, nimechagua makavu yaliyokomaa, kalamu ndogo utapata, ila za quba tumia brashi. Yako nyuma ya mlango, njoo uchukue Jumatano uje na hiyo karatasi ya kwanza nami niisome. Na ile ngazi uliyoazima kwa jirani uirudishe siku hiyohiyo, ananisalimia kila asubuhi kwa kuiulizia.

Wasalaam,
Baba yako