Aliyeninyonyesha ameniita mwizi mbele ya bodi ya ardhi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia saa tisa usiku. Huu ni usiku wa nne sijafumba jicho. Mama amelala chumba cha pili, namsikia anavyojigeuza, na juu yake ni yale mabati. Nitafika kwenye mabati, niache kwanza nieleze.

Mimi si mwizi. Nina miaka 22 na sijawahi kuchukua cha mtu hata sindano. Lakini Jumatatu iliyopita Mama Mkubwa alisimama mbele ya bodi ya ardhi, wazee wapo, mnunuzi yupo, mamangu mzazi yupo, akasema, "Kumbe ziwa langu limelea mwizi." Hakuongeza neno. Akajitanda leso yake, akatoka.

Si mama mkubwa wa damu, ni jirani. Mamangu alipojifungua mimi aliugua sana, maziwa hayakutoka, na yeye alikuwa na mwanawe mchanga. Akanichukua, nikanyonya kwake. Kwa hiyo akitaja ziwa anajua anakonichoma.

Nilikuwa natandika vitanda katika hoteli moja kule Casuarina. Unajua mwenyewe mambo ya Malindi, kusi ikianza kuvuma wageni wanarudi kwao na sisi tunarudi nyumbani. Mwaka huu sikuitwa tena. Nikawa nakaa na simu, ndipo nikaona vijana wa Marekani wakifundisha biashara wanayoiita holseli ya nyumba na ardhi. Mtaji huna, lakini unamtafuta mtu anayetaka kuuza, mnaandikiana mkataba kwa bei mliyopatana, na humo ndani unatia maneno kwamba mnunuzi ni wewe "au mtu mwingine atakayemteua". Kisha unamtafuta mwenye pesa, unamuuzia ule mkataba kwa bei ya juu, na tofauti ni yako. Wana na hesabu zao, kwamba nyumba mbovu usiipatane kwa zaidi ya asilimia 70 ya thamani itakayokuwa nayo ikishatengenezwa, na gharama za fundi uzitoe humo humo. Niliandika yote kwenye daftari. Nikaona hii ni kazi ya akili, si ule udalali wa kumvizia mgeni kijiweni.

Mama Mkubwa ana ekari moja Ganda. Alitaka kuiuza atibiwe goti. Dalali mmoja alikuwa amempa bei ya 450,000. Mimi nikamwambia 600,000. Sasa niambie, mwizi gani anaongeza laki moja na nusu? Sachi, yaani kuhakikisha kwenye ofisi ya ardhi kwamba shamba ni lake, nilikwenda kufanya kwa pesa yangu. Mpima nilimtafuta mimi, na bikoni mbili, zile alama za mpaka, zilikuwa zimefukiwa, moja nikaichimbua mwenyewe kwa jembe chini ya mkorosho mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mnunuzi nilimpata mimi, mtu wa Nairobi, kwa 950,000. Mama Mkubwa angemtoa wapi mtu huyo?

Mkataba tuliandikiana barazani kwake. Hajui kusoma, nikamsomea mstari kwa mstari, mjukuu wake akiwa shahidi. Akatia kidole gumba kwenye wino, akakibandika chini ya karatasi, halafu akakifuta kwenye pindo la leso yake ya manjano. Nilimwambia wino huo hautoki, akacheka, akasema leso ni ya nyumbani tu.

Nilimsomea, Shangazi. Ila ule mstari wa "au mtu mwingine" niliupitia mbio. Sikuuruka, niliusoma, lakini mbio, na yeye akauliza, "Hapo umesema nini?" Nikamjibu, "Ni maneno ya mawakili tu, Mama." Hili sijamwambia mtu.

Mnunuzi alitoa asilimia 10 kwanza, yaani 95,000. Nikampa Mama Mkubwa 60,000, asilimia 10 ya bei yake, sikukata hata shilingi. 35,000 zikabaki kwangu. Makuti ya nyumba yetu yalikuwa yameoza, masika yaliyopita tulilala na sufuria kitandani kukingia maji. Nikanunua mabati na mbao, nikamlipa fundi. Mama aliponiuliza nimepata wapi, nikasema hoteli imenilipa malimbikizo yangu.

Kwenye zile video hakuna bodi ya ardhi. Kwamba shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi nilikuwa najua, lakini sikujua kwamba ile fomu iliyojazwa na wakili wa mnunuzi itasomwa kwa sauti. Mwenyekiti akamuuliza, "Mama, unakubali kuuza kwa shilingi laki tisa na nusu?" Mama Mkubwa akamtazama, akanitazama mimi. Akauliza, "Laki ngapi?"

Angeniita pembeni. Angenitukana barazani kwake usiku kucha, ningekaa kimya. Kwa nini mbele ya mamangu? Na maziwa yanaingiaje kwenye bei ya shamba?

Bodi ikaahirisha, tukaambiwa turudi kikao cha mwezi ujao tukiwa tumeelewana. Mama Mkubwa sasa anataka 950,000 zote, ama sivyo hatii kidole tena popote. Mnunuzi ananipigia kila siku. Wakili wake ameniambia bodi ikikataa, mkataba umekufa na kila aliyepokea pesa atazirudisha. Akaniuliza pia kama nimesajiliwa, maana kuna sheria ya mawakala wa ardhi na nyumba, sura ya 533, inayokataza kazi hiyo bila usajili. Nikamwambia mimi si wakala, kwenye mkataba mimi ni mnunuzi. Hakujibu. Na madalali waliojaa mjini hapa, wangapi wamesajiliwa? Wanatia cha juu kila siku mchana kweupe, mbona mwizi ni mimi? Jana usiku ndipo nikasoma kwamba hata huko Marekani, jimbo la Illinois tangu 2019 linataka uwe na leseni ukiifanya zaidi ya mara moja ndani ya miezi 12. Wale vijana wa kwenye simu hilo hawakulisema.

Pesa sizitaki tena. Nimefikiria nimwachie zote yaishe. Lakini nikikumbuka jembe lile na jua la Ganda, zile 315,000 zilizobaki ni jasho langu, na lau ningemwambia tangu mwanzo kwamba na mimi nitapata changu, angekubali, nina hakika. Au asingekubali. Pengine ndiyo sababu sikumwambia.

Usiniambie nikaombe radhi, nimeshakwenda. Juzi alasiri nilimkuta barazani anachambua mchicha. Nilimpigia shikamoo mara mbili, hakuitikia. Tangu nizaliwe hajawahi kuninyima marahaba. Alikuwa na leso ile ile, na doa la wino lipo pindoni.

Nilikusudia kukuuliza kama mtu aliyekwisha kutia kidole anaweza kurudi nyuma, kwa sababu nimeambiwa mkataba wa ardhi lazima uwe umeandikwa, umetiwa sahihi na pande zote na umeshuhudiwa, na wangu una yote hayo. Nilitaka kukuuliza pia kama nimpe nusu ya tofauti. Lakini jana kwenye chakula mama alisema, bila kuniangalia, "Pesa ile sitaila, wala haitaingia nyumba hii." Akanawa mikono, akaenda kulala.

Imeshaingia, Shangazi. Iko juu ya kichwa chake. Nimwambie? Nikimwambia, namjua mamangu, atamwita fundi ayang'oe, na mvua za vuli ziko mlangoni. Nikinyamaza, kila usiku namlaza chini ya kitu alichokikataa kwa mdomo wake, na mwezi ujao mnunuzi akidai 35,000 zake atalijua mbele ya watu, kama Mama Mkubwa alivyojua.

Nijibu kabla ya kikao, tafadhali. Mwadhini ameanza, na mama ameshaamka, namsikia anachota maji atawadhe.

Binti wa Malindi